Keki inayobonyea katikati: kabla ya kuongeza beking poda, ikate uitazame

Dada mmoja ameniandikia kwamba ameoka keki ya siagi mara mbili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili imebonyea katikati. Vipimo vyake ni unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 300, siagi gramu 200, mayai 4, maziwa nusu kikombe na beking poda vijiko 3 vya chai. Sufuria yake ya kuokea ni ya mviringo, yenye upana wa sentimita 18, na oveni huiwasha kwenye nyuzi 200. Keki ya kwanza iliumuka vizuri, ikapata rangi, akaitoa dakika ya 35, ikanywea mezani huku akiitazama. Akaona beking poda haikutosha, akaiongeza hadi vijiko 5. Keki ya pili ikapanda upesi kuliko ya kwanza, kisha ikaporomoka ikiwa bado ndani ya oveni. Anauliza kosa liko wapi, kama mlango wa oveni alioufungua kuchungulia ndio uliomponza, na kama keki hiyo ya pili, ambayo tangu jana imefunikwa mezani, inaweza kuokolewa.

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa keki hiyo haiwezi kungoja maelezo marefu. Usiirudishe ndani ya oveni. Keki iliyokwisha kupoa haiumuki tena, kwani gesi iliyokuwa ikiipandisha imekwisha kutoka. Utakachopata ni ukingo mkavu na shimo lilelile. Chukua kisu chenye meno, uikate katikati kabisa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha uinue nusu moja na kuitazama kwa ubavu penye mwanga. Kama pale katikati pana utepe unaong'aa, wenye rangi iliyokoza kuliko kwingine, na ukiugusa unanata kidoleni kama gundi, hapo ni unga mbichi na yai bichi, navyo vimelala usiku kucha katika joto la chumba. Sehemu hiyo itupwe. Wala usiifiche chini ya krimu, kwa kuwa krimu haiivishi kitu. Kama badala yake unaona pameiva lakini pamejaa matundu makubwa yasiyolingana, pengine na tabaka zito lililokaa chini, basi keki hiyo imeharibika sura tu, na inalika.

Kwa maelezo yako nadhani utakuta hali ya pili, labda na ubichi kidogo upande wa chini. Njia ninayoipenda mimi ni kuacha kupigana na shimo. Weka bilauri au kikombe katikati, kata kukizunguka, toa kipande chote kilichobonyea, nawe utabaki na keki ya pete ambayo mgeni hatajua kwamba haikukusudiwa kuwa hivyo. Punguza kwa kisu ule ukingo uliosimama juu ili uso ulingane, kisha igeuze chini juu, maana upande uliolala kwenye sufuria huwa tambarare. Chemsha sukari na maji kwa vipimo sawa hadi sukari iyeyuke, kamulia limau, na uinyunyizie keki shira hiyo ikiwa ya moto, kijiko baada ya kijiko. Shira italainisha kingo zilizokauka, na limau litafunika kwa kiasi ule ukakasi ambao vijiko vitano vya beking poda kwa vyovyote vimeuacha. Vipande vilivyobaki unaweza kuvikata vyembamba na kuvikausha katika oveni ya nyuzi 140 hadi viwe vikavu vya kuchovya kwenye chai, au kuvivuruga na kuvipanga katika bilauri pamoja na krimu na matunda. Wapo wanaovikanda na aisingi na kuvifinyanga viwe vibonge. Binafsi naviona vitamu kupita kiasi, lakini watoto hawalalamiki.

Ile ya kwanza, kwa upande mwingine, ungeweza kuiokoa ikiwa mzima kabisa, na hili ulikumbuke kwa siku zijazo. Keki iliyotoka ndani ya oveni sasa hivi, ikaanza kunywea na kijiti ulichokichoma katikati kikatoka na rojo, irudishwe papo hapo ingali ya moto, ifunikwe juu kwa karatasi ya alumini ili isiungue, joto lishushwe hadi nyuzi 160, na iachwe dakika 10 hadi 15 kabla ya kupimwa tena. Kimo kilichopotea hakitarudi chote, ila keki itaiva, na keki iliyoiva yenye bonde dogo ni keki nzuri ya kujazia krimu. Nafasi hiyo ni ya dakika chache tu, kwa hiyo usizime oveni kabla hujahakikisha.

Sasa nije kwenye chanzo. Jambo ambalo barua yako inalionyesha, pengine bila wewe kukusudia, ni kwamba keki zako mbili hazikuugua ugonjwa mmoja. Ya kwanza ilibonyea baada ya kutoka. Ya pili ilibonyea ikiwa ndani. Watu wengi huona shimo moja na kutafuta dawa moja, na karibu kila mara dawa hiyo huwa beking poda zaidi, ilhali saa ya kubonyea ndiyo inayotaja kosa. Keki inayoanguka ndani ya oveni, kabla ya kupata rangi kamili, imeumuka kupita uwezo wake wa kusimama. Keki inayosimama imara ndani ya oveni na kunywea nje ilikuwa bado haijaiva katikati. Wewe ulipewa ugonjwa wa pili, ukatumia dawa iliyokuletea wa kwanza.

Ili uone kwa nini, fikiria kwamba rojo la keki ni povu. Unapopiga siagi na sukari, chembe za sukari zenye kingo kali zinakwaruza ndani ya siagi na kuacha viputo vidogo sana vya hewa, maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana mchanganyiko unageuka kutoka rangi ya manjano hadi karibu nyeupe na kuwa mwepesi. Viputo vyote ambavyo keki yako itakuwa navyo vinatengenezwa hapo, na wakati wa kupiga mayai. Beking poda haitengenezi viputo vipya. Inatoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo inaingia katika viputo vilivyokwishakuwapo na kuvitanua, ikisaidiwa na mvuke wa maji na hewa yenyewe inayotanuka kwa joto. Kwa hiyo ukiongeza beking poda unaongeza ukubwa wa viputo, si idadi yake. Kiputo kikubwa kina ukuta mwembamba na hupanda juu upesi kuliko kidogo. Kinakutana na jirani yake, vinaungana, ukuta unapasuka, gesi inatoka, na kilichokuwa juu yake kinaketi chini. Hicho ndicho ulichokiona kupitia kioo cha oveni: keki inapanda kwa haraka ya kutia moyo, inasimama kidogo, kisha uso wake unaanza kutetemeka na kushuka taratibu kama mto wa kukalia uliotobolewa.

Kipimo kinachofaa kwa unga wa kawaida ni kijiko 1 cha chai cha beking poda, au kijiko 1 na robo, kwa kila kikombe cha unga, yaani kwa kila gramu 125 hivi. Unga wako wa gramu 250 unahitaji vijiko 2, na kwa keki ambayo siagi yake imepigwa sawasawa na ina mayai manne, sioni sababu ya kuvuka hapo. Vijiko 3 vilikuwa vingi. Vijiko 5 ni zaidi ya maradufu. Tena, tafadhali soma pakiti ya unga wako. Ziko aina ambazo kiwandani zimekwisha kuchanganywa na beking poda na chumvi, na mwokaji asiyelijua hilo anaweka dozi juu ya dozi. Angalia pia kama kopo lako ni la beking poda kweli na si magadi soda, kwa kuwa magadi soda yana nguvu mara tatu hadi nne, yanahitaji kitu kichachu kama mtindi, maziwa mgando au limau ili yafanye kazi vizuri, na yakizidi huacha ladha ya sabuni ambayo hakuna aisingi inayoweza kuifunika.

Kwa kuwa tumefika hapo, niseme neno juu ya kopo lenyewe. Beking poda ni magadi soda yaliyochanganywa na asidi kavu na wanga kidogo wa kuzuia unyevu. Mwingereza Alfred Bird alitengeneza aina yake ya kwanza mwaka 1843 kwa ajili ya mke wake ambaye hamira ilikuwa ikimdhuru, na nyingi zinazouzwa leo hutoa gesi mara mbili: sehemu inapolowa, sehemu inapopata moto. Ikikaa muda mrefu katika kopo lililo wazi hunyonya unyevu wa hewa na kumaliza nguvu zake humo humo. Tia kijiko cha chai katika nusu kikombe cha maji ya moto; ikichemka kwa povu la kelele ni nzima, ikitoa viputo vya kivivu itupe. Ila ujue kwamba beking poda mfu huleta keki fupi na nzito, ambayo haikuumuka tangu mwanzo. Keki iliyopanda vizuri ndipo ikaanguka haijawahi kuponzwa na ukosefu wa beking poda.

Hiyo ni nusu ya habari, nusu ya gesi. Nusu nyingine ni kuta. Kinachosimamisha keki ni vitu viwili: protini za mayai zinazoganda, na wanga wa unga unaofyonza maji, ukafura na kukaza. Ute wa yai peke yake huanza kuganda karibu na nyuzi 62, na kiini kati ya nyuzi 65 na 70. Wanga wa ngano katika maji matupu huanza kufura karibu na nyuzi 60. Lakini ndani ya keki hakuna maji matupu, kuna maji yenye sukari, na sukari inayashika maji hayo na kuyanyima wanga. Sukari inapokuwa nyingi, wanga huchelewa hadi kupita nyuzi 80, na mayai nayo yanachelewa. Muda wote huo gesi haisubiri. Beking poda inafanya kazi, mvuke unaongezeka, viputo vinatanuka, na kuta bado ni uji. Ukitazama vipimo vyako, sukari ni gramu 300 kwa unga wa gramu 250. Kanuni ya zamani ya waokaji, ambayo mimi naishika, ni kwamba katika keki ya siagi ya nyumbani uzito wa sukari usizidi uzito wa unga, na uzito wa siagi usizidi uzito wa mayai. Siagi yako iko sawa, kwa kuwa mayai manne bila maganda hukaribia gramu 200. Sukari ndiyo iliyovuka mpaka. Viwanda vya keki huweza kuuvuka kwa kuwa vinatumia unga uliotayarishwa mahususi na mafuta ya namna nyingine. Unga wa kawaida hauna nguvu hiyo. Ongezeko la maziwa nusu kikombe juu ya sukari hiyo limefanya rojo liwe jepesi zaidi na likawie zaidi kukaza.

Sasa tuitazame oveni, ambako ndiko nadhani keki yako ya kwanza ilikopotea. Sufuria ya sentimita 18 yenye rojo la vipimo vyako inajaa hadi karibu theluthi mbili za kimo chake, na kina hicho ni kirefu. Joto linaingia keki kutoka nje kwenda ndani, polepole, kwa sababu povu ni kizuizi kizuri cha joto. Katika nyuzi 200 pembeni pakakaza mapema na juu pakafunga gamba, wakati katikati bado pako mbichi na panaendelea kusukuma. Ndiyo maana naamini keki hiyo ilipanda kama kilima, na sitashangaa ukiniambia ilipasuka juu. Rangi ikaja. Rangi lakini ni habari ya uso tu. Sukari na protini za juu huanza kubadilika rangi bila kujali kilichoko sentimita nne chini yake. Keki ya siagi iliyoiva huwa na joto la nyuzi 95 hadi 98 katikati yake, na katika dakika 35, kwa kina kile, sidhani ilifika.

Yapo mengine kuhusu keki inayonywea nje ya oveni ambayo vitabu vingi vya mapishi havielezi. Ndani ya rojo, kila kiputo kimefungwa peke yake kama puto. Keki inapoiva, kuta zinakaza na kuchanika vitundu vidogo, viputo vinafunguliana, na lile povu linageuka kuwa sponji. Tofauti yake unaiona mezani. Keki ikitoka kwenye joto, mvuke uliokuwa umeijaza unarudi kuwa maji, na maji yakiwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yanayochukua yakiwa maji. Kwa hiyo ndani panabaki uwazi mkubwa kwa ghafla. Sponji haina shida, hewa ya jikoni inaingia kupitia vitundu na kuujaza uwazi huo. Puto lililofungwa halina pa kuvutia hewa, kwa hiyo linavuta kuta zake lenyewe, na katikati, mahali ambapo maputo yalikuwa bado maputo, panaingia ndani. Hii ndiyo sababu baadhi ya waokaji wa keki laini za mayai huidondosha sufuria mezani kutoka kimo cha sentimita 10 hivi mara tu inapotoka: mshtuko ule unapasua viputo vilivyosalia vimefungwa, na keki inapungua kunywea. Nimeifanya mara nyingi na inasaidia, ila kwa keki iliyoiva. Keki mbichi ukiidondosha unaimaliza.

Kuhusu mlango, umelaumiwa kupita makosa yake. Ni kweli kwamba ukiufungua mapema, hewa ya moto inamwagika nje, gesi ndani ya viputo inasinyaa kidogo, na kama kuta bado ni laini keki inashuka. Kwa sababu hiyo usiufungue kabla ya robo tatu ya muda kupita. Chungulia kwa kioo. Lakini keki yenye vipimo sahihi, hata mlango ukifunguliwa dakika moja kabla ya wakati, kwa kawaida inajikongoja na kusimama tena, ilhali ile yenye vijiko vitano ilikuwa inatafuta sababu tu ya kuanguka. Hao wanaokataza watu kutembea jikoni keki ikiwa motoni nawaheshimu, ila sijaona keki nzima iliyoangushwa na nyayo.

Kinachostahili lawama mara nyingi zaidi ni kitufe cha joto. Nilipokuwa mwanafunzi wa uokaji nilikabidhiwa oveni ambayo keki zake zilibonyea kwa wiki nzima. Nilipunguza maziwa, nikabadilisha unga, nikapiga mayai kidogo, kisha mengi, mpaka mwenzangu mmoja alipoweka ndani kipimajoto kidogo cha kutundika kwenye wavu. Kitufe kilisema nyuzi 180. Kipimajoto kilisoma 150, na kilipopanda kilipanda upande wa nyuma pekee. Keki katika joto dogo hivyo inaumuka kikamilifu na kukaa juu muda mrefu bila kukaza, kisha inachoka. Tangu siku hiyo sijaamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni yoyote. Kipimajoto hicho ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mwokaji anunue, kabla ya mashine ya kuchanganyia. Kiweke katikati ya wavu, washa oveni, subiri dakika 20 zipite, ndipo usome. Taa ya oveni huzimika mapema, hewa ikiwa imepata moto lakini kuta bado.

Sababu nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa barua yako haizielekei sana. Mayai yaliyotoka kwenye friji sasa hivi hugandisha siagi, mchanganyiko ukakatika kama maziwa yaliyoganda, na viputo ulivyovihangaikia vikapotea; yaache nje hadi yalingane na joto la chumba, na siagi iwe laini kiasi cha kubonyezwa na kidole huku ikibaki na umbo, si ya kumwagika. Kupiga siagi na mayai kwa mashine kwa muda mrefu kupita kiasi hujaza hewa ambayo unga hauwezi kuibeba. Kupiga baada ya kutia unga kunaamsha gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika kama mpira, na keki inapata mashimo marefu kama njia za mchwa. Rojo likikaa nusu saa kabla ya kuingia motoni linapoteza gesi ile ya kwanza. Anayeoka mahali pa mwinuko, kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu, anapambana pia na hewa nyepesi: viputo vinatanuka zaidi, na maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi katika mwinuko wa mita 1,500, hivyo apunguze beking poda kwa robo, aondoe kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwa kila kikombe, na apandishe joto la oveni kwa nyuzi 10.

Kwa mara ya tatu, nakuomba uoke hivi. Unga gramu 250, sukari gramu 225, siagi gramu 200, mayai 4, maziwa vijiko vikubwa 3, beking poda vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu, na chumvi kidogo. Neno "vilivyosawazishwa" nimeliweka kwa makusudi, maana kijiko cha chai kilichojaa kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Tumia sufuria ya sentimita 23, ambayo rojo hilo litaijaza chini ya nusu. Paka siagi chini na utandike karatasi ya kuokea, lakini pembeni paka kidogo sana, kwa kuwa keki hupanda kwa kushika ukuta. Kama huna nyingine zaidi ya ile ya sentimita 18, tia rojo hadi nusu ya kimo na linalobaki lioke katika vikombe vidogo.

Piga siagi na sukari dakika 5 kwa mashine, au hadi mkono uchoke na rangi ififie. Tia yai moja moja, ukisubiri kila moja limezwe kabisa kabla ya jingine. Ukiona mchanganyiko unataka kukatika, nyunyizia kijiko cha unga. Chunga unga pamoja na beking poda mara mbili ili poda isikae mahali pamoja, kisha uutie kwa mafungu matatu, ukibadilishana na maziwa, ukikunja kwa mwiko bapa kutoka chini kuja juu, na kuacha pale tu unga mkavu unapoacha kuonekana. Ingiza kwenye oveni ambayo kipimajoto, si kitufe, kinasoma nyuzi 170, kwenye wavu wa katikati. Usifungue hadi dakika ya 35.

Hapo ndipo uanze kuikagua, na usitegemee ishara moja. Kijiti kichomwe katikati kabisa na tena sentimita tatu kando. Kitoke na chembe kavu chache, si rojo. Bonyeza juu kwa ncha ya kidole, polepole: keki iliyoiva inarudisha alama, mbichi inaihifadhi. Tazama ukingo kama umeanza kujitenga na sufuria. Kisha fanya jambo ambalo wageni jikoni kwangu hulicheka, sogeza sikio karibu, bila kujiunguza. Keki mbichi inanong'ona, unasikia mchemko mdogo wa viputo vinavyopasuka. Iliyoiva inakaribia kunyamaza, ila isiwe kimya kabisa, maana hapo imekauka. Nadhani utazikuta ishara hizi kati ya dakika ya 40 na ya 50. Zima, itoe, iache ndani ya sufuria dakika 10 mahali pasipo upepo, ndipo uigeuze kwenye wavu ili mvuke utoke chini pia. Itashuka kidogo kutoka kimo ilichokuwa nacho motoni. Kila keki hushuka, na hilo si kubonyea.

Usiikate hadi ipoe kabisa, kwa sababu wanga unaendelea kukaza nje ya oveni, na kisu kwenye keki ya moto huacha utepe wa kunata unaofanana na ubichi. Ikibonyea tena, niandikie ukitaja mambo matatu: kipimajoto kilisoma ngapi, keki ilianza kushuka dakika ya ngapi, na ulipoikata uliona nini katikati.